Chanda Chema Kilichonyimwa Pete

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Ni methali ambayo kila mwanafunzi huikariri mapema, na kila mwalimu wa Kiswahili huifafanua kwa wepesi: atendaye mema hutuzwa. Lakini historia, ambayo ni mwalimu mkali kuliko sisi sote, aghalabu hutuonyesha vyanda vyema vilivyofanya kazi usiku na mchana, kisha pete ikavikwa kwingine. Leo nakusudia kusimulia maisha ya mmoja wa watu wa aina hiyo, Mmarekani mweusi aliyeitwa Bayard Rustin, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1987. Huyu alinyimwa pete mara mbili: pete ya heshima kwa kazi aliyoitenda, na pete ya ndoa kwa mtu aliyempenda. Kunyimwa huko kuwili, nitakavyojaribu kuonyesha, kulikuwa na chanzo kimoja.

Takriban kila mwanafunzi wa historia hapa kwetu ameisikia tarehe 28 Agosti 1963. Siku hiyo watu wapatao 250,000 walikusanyika mjini Washington kudai kazi na uhuru, na Mchungaji Martin Luther King akatoa hotuba ambayo ingali inasomwa madarasani hadi leo. Hotuba tunaikumbuka. Swali ambalo wanafunzi wetu hawaulizwi katika mitihani ni hili: ni nani aliyewafikisha watu hao mahali pale, akawalisha, akawalinda na kuwarudisha makwao bila fujo? Jibu ni Rustin. Na sababu ya jina lake kutotajwa kwa miaka mingi inajulikana. Alikuwa mwanamume aliyependa wanaume, na hakuwa tayari kukana.

Rustin alizaliwa tarehe 17 Machi 1912 katika mji mdogo wa West Chester, jimbo la Pennsylvania. Mama yake alikuwa msichana asiyeolewa, kwa hiyo mtoto alilelewa na babu na bibi yake, Janifer na Julia Rustin. Kwa miaka kadhaa aliwadhania hao kuwa ndio wazazi wake, na mama mzazi akamdhania kuwa dada. Bibi Julia alikuwa amekulia katika mafunzo ya Marafiki, yaani Quaker, dhehebu ambalo wakazi wa Kaimosi na sehemu nyingi za Magharibi ya Kenya wanalifahamu vyema tangu wamishonari wake walipofika huko mwaka 1902. Marafiki huamini kwamba ndani ya kila binadamu mna nuru ya Mungu, na kwa ajili hiyo ni haramu kumwinulia mwenzako silaha. Bibi huyo alimfunza mjukuu wake kwamba watu wote ni jamaa moja. Kijana alipomdokezea kwamba moyo wake ulielekea kwa wavulana wenzake, bibi hakumlaani wala hakumfukuza. Pengine ni hapo palipowekwa msingi wa ujasiri ambao ungeonekana baadaye, kwani mtoto asiyefunzwa nyumbani kujionea haya ni vigumu kwa ulimwengu kumfunza.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Wilberforce, kisha katika chuo cha ualimu cha Cheyney, lakini hakuhitimu kokote. Mwaka 1937 alihamia mjini New York na kupanga Harlem, mtaa uliokuwa kitovu cha utamaduni wa watu weusi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na mwaka 1940 alishiriki katika mchezo wa jukwaani ambao mwigizaji wake mkuu alikuwa mwimbaji mashuhuri Paul Robeson. Jioni aliimba katika kilabu kimoja cha mtaa wa Greenwich Village ambamo, kinyume cha desturi ya wakati ule, weusi na weupe waliketi meza moja.

Mji wa New York wa miaka hiyo ulikuwa na nyuso mbili kwa watu wa hali yake. Uso wa kwanza ulikuwa wa ukarimu. Wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake waliuhamia kutoka vijiji na miji midogo, kwa kuwa katika umati wa mamilioni mtu aliweza kuishi bila jirani kumhesabia hatua. Walikutana Harlem na Greenwich Village, wakajenga urafiki, na wengine wakaishi pamoja miaka na miaka kama watu wa nyumba moja. Uso wa pili ulikuwa wa kutisha. Sheria ya jimbo iliyahesabu mapenzi yao kuwa kosa la jinai. Baa iliyowakaribisha ilihatarisha leseni yake, na askari waliovaa kiraia waliwatega mitaani, wakajifanya marafiki kisha wakatoa pingu. Mtu aliyekamatwa aliweza kupoteza kazi, nyumba na jina katika siku moja. Ndiyo maana wengi wao walijifunza kuishi maisha mawili, moja la mchana na jingine la usiku. Rustin hakuwa hodari wa sanaa hiyo ya kujificha.

Kwa muda mfupi alivutiwa na vijana wa Kikomunisti, kwa kuwa wao walionekana kuchukia ubaguzi wa rangi, lakini aliachana nao mwaka 1941. Akajiunga na mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi weusi wa mabehewa ya treni, ambaye mwaka huohuo alitishia kuandamana mjini Washington hadi Rais Roosevelt akapiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya vita. Maandamano yale yalifutwa baada ya agizo hilo, lakini wazo lake halikufa. Lilingoja miaka 22. Kisha Rustin akaajiriwa na Ushirika wa Upatanisho, shirika la Kikristo la wapenda amani, na kuanza kuzunguka nchi akifundisha namna ya kupinga dhuluma bila kutumia nguvu.

Mafundisho hayo aliyalipia kwa mwili wake. Mwaka 1942, akisafiri kwa basi kuelekea Nashville, alikataa kuhamia viti vya nyuma walivyotengewa weusi, na polisi wakampiga. Hayo yalitokea miaka 13 kabla ya Bi. Rosa Parks kukataa kusimama katika basi la Montgomery. Mwaka 1944 alifungwa kwa kukataa kutumikia vita, na akakaa gerezani hadi mwaka 1946. Mwaka 1947, yeye na mwenzake mweupe, George Houser, walipanga safari ya wanaume weusi na weupe walioketi pamoja katika mabasi ya majimbo ya Kusini ili kuijaribu hukumu ya Mahakama Kuu iliyoharamisha ubaguzi katika usafiri baina ya majimbo. Walikamatwa huko North Carolina, na mwaka 1949 Rustin alitumikia siku 22 katika kikosi cha wafungwa waliofanya kazi barabarani chini ya bunduki. Msomaji wa Kenya huenda akapenda kujua kwamba huyo Houser ndiye baadaye aliyeiongoza Kamati ya Marekani kuhusu Afrika, iliyoandaa ziara za Tom Mboya nchini Marekani katika miaka ya 1956 na 1959.

Mwaka 1948 Rustin alikwenda India kujifunza kwa wafuasi wa Gandhi, aliyekuwa ameuawa mwanzoni mwa mwaka huo. Mwaka 1952 alizuru Afrika Magharibi akakutana na Nkrumah na Azikiwe. Alipokaribia umri wa miaka 41, wengi walimwona kuwa ndiye angekuwa kiongozi mkuu wa harakati za amani na haki nchini mwake.

Ndipo likaja tukio la Pasadena, California. Usiku mmoja wa Januari mwaka 1953, baada ya kutoa mhadhara, polisi walimkuta ndani ya gari pamoja na wanaume wawili. Alishtakiwa kwa kosa la uasherati, akakiri, akafungwa siku 60. Wenzake hao hawakulalamika kwamba aliwadhuru, na hapakuwa na mtu aliyelazimishwa. Lakini Ushirika wa Upatanisho, shirika ambalo lilikuwa limemsifu kila alipokwenda jela kwa ajili ya haki za weusi au kwa kupinga vita, safari hii lilimtaka ajiuzulu. Jela ya kwanza na ya pili zilikuwa fahari. Jela ya tatu ikawa aibu. Tangu siku hiyo rekodi ya Pasadena ilimfuata kama kivuli.

Chama cha Wapinga Vita kilimpa kazi, naye akaendelea kutumika. Lakini sasa alijifunza utaratibu mpya wa kazi: kutenda bila kutajwa. Mwaka 1955 kamati ya Marafiki wa Marekani ilichapisha kitabu mashuhuri kuhusu njia za amani katika enzi ya silaha za nyuklia. Rustin alikuwa mmoja wa waandishi wake, lakini jina lake liliondolewa, kwa ridhaa yake mwenyewe, ili lisikichafue kitabu. Lilirudishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Ajabu ya mambo ni kwamba waliokifanya kitendo hicho walikuwa watu wa imani ileile iliyomfunza kwamba kila mtu ana nuru ndani yake.

Mapema mwaka 1956 alitumwa Montgomery, Alabama, ambako watu weusi walikuwa wamesusia mabasi. Kiongozi wao, kijana wa miaka 27, Mchungaji King, alikuwa bado na bunduki nyumbani kwa ajili ya kujihami. Rustin alikaa naye, akamweleza kwa kina falsafa ya Gandhi, akamwonyesha kwamba mwenye kuhubiri amani hawezi kulala na silaha chini ya mto. Baada ya muda mfupi ilibidi aondolewe mjini humo kwa siri, kwa hofu kwamba maadui wangeyatumia maisha yake kuuvunja mgomo. Hata hivyo aliendelea kumshauri King kutoka New York, akamwandikia hoja na kumtafutia fedha, na mwaka 1957 alisaidia kuandaa misingi ya Baraza la Viongozi wa Kikristo wa Kusini, chombo ambacho King alikitumia hadi kufa kwake.

Mwaka 1960 pigo jingine lilitoka kwa mtu wa nyumbani. Adam Clayton Powell, mbunge mweusi wa Harlem, hakutaka King na Randolph waandae maandamano kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Alimpelekea King salamu za vitisho: asipoyafuta, atatangaza kwamba King na Rustin walikuwa wapenzi. Ulikuwa uongo mtupu, lakini King aliogopa, akasitasita. Rustin alipoona hivyo alijiuzulu mwenyewe, na King akakubali. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini hapa hata aliyevaa nguo alinyamaza.

Akiwa ametengwa na harakati za nyumbani, Rustin alitumika kwingineko. Mwaka 1959 alikwenda Ghana kusaidia msafara wa kupinga majaribio ya bomu la nyuklia la Ufaransa katika jangwa la Sahara. Mapema mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, alikuwa Dar es Salaam pamoja na Bill Sutherland na Mchungaji Michael Scott, chini ya Jeshi la Amani la Dunia. Walikusudia kufungua kituo cha mafunzo ya harakati zisizo za fujo na kuandaa maandamano ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ili kukiunga mkono chama cha Kenneth Kaunda. Maandamano hayo hayakufanyika, kwani siasa za nchi ile, ambayo leo ni Zambia, zilichukua njia ya uchaguzi. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba mtu huyu alitembea katika mitaa ya pwani yetu akiutumikia uhuru wa Waafrika, wakati ambapo wenzake wa Marekani waliona haya kuketi naye jukwaani.

Sasa tuirejee ile Agosti ya mwaka 1963. Mzee Randolph alipofufua wazo lake la maandamano, alimtaka Rustin awe mkurugenzi. Roy Wilkins, kiongozi wa chama kikubwa cha kutetea weusi, NAACP, alipinga, akihofia kwamba ukomunisti wake wa ujanani, kifungo chake cha wakati wa vita na kesi ya Pasadena vingekuwa silaha mikononi mwa maadui. Randolph, mzee wa busara, alikubali kuwa mkurugenzi yeye mwenyewe, kwa sharti kwamba angejichagulia naibu. Kisha akamchagua Rustin.

Muda uliobaki haukufika miezi miwili. Ofisi ilikuwa katika nyumba kuukuu ya barabara ya 130, Harlem, na wafanyakazi wake wengi walikuwa vijana. Kutoka hapo Rustin alipanga kila kitu: mabasi zaidi ya 2,000 na treni za pekee, maji ya kunywa, vyoo, huduma ya kwanza na vipaza sauti vya hali ya juu, kwa sababu alijua kwamba umati usiosikia hugeuka kuwa umati wenye fujo. Aliwafunza askari weusi wa New York, waliokuwa likizoni, kulinda usalama bila silaha. Katika Kanisa la Riverside, New York, watu wa kujitolea walitayarisha mikate 80,000 iliyotiwa jibini. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwapeleka wanafunzi 40 kwenye tamasha la muziki, akarudi nao wote salama, atatambua uzito wa kazi ya kuwahudumia watu 250,000.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo, Seneta Strom Thurmond wa South Carolina, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, alisimama katika Seneti akamtaja Rustin kuwa mkomunisti, mkwepa vita na mpotovu, na kuiingiza rekodi ya Pasadena katika kumbukumbu za Bunge. Lengo lake lilikuwa kuwalazimisha viongozi wa weusi wamtimue kama walivyofanya mwaka 1960. Safari hii hawakutikisika. Randolph alijitokeza hadharani kuutetea uadilifu wa naibu wake, na wengine wote, akiwemo Wilkins aliyekuwa amempinga, wakasimama upande wake. Maandamano yakafanyika kwa amani, na Rustin mwenyewe akausomea umati orodha ya madai yao. Siku chache baadaye picha yake na Randolph ilitokea kwenye jalada la jarida la Life. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Haki za Raia, na mwaka 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Hapa pana funzo la kisiasa ambalo halina budi kusisitizwa. Mwaka 1960 viongozi walipokubali kutishwa, walipoteza mpangaji wao hodari na wakampa mtishaji nguvu. Mwaka 1963 walipokataa kutishwa, silaha ileile ikawa butu. Siri ya mtu huwa kamba shingoni mwake pale tu jirani zake wanapokubali kuivuta.

Walimu wana sababu nyingine ya kulikumbuka jina hili. Tarehe 3 Februari 1964 Rustin aliratibu mgomo wa siku moja wa wanafunzi wa New York, uliofanywa kupinga kutengwa kwa watoto weusi na wa Kipuerto Rico katika shule duni. Wanafunzi zaidi ya 400,000 hawakuingia madarasani siku hiyo. Miaka minne baadaye, walimu wa mji huo walipogoma kwa sababu wenzao katika eneo la Ocean Hill-Brownsville walikuwa wameondolewa kazini na bodi ya mtaa wa watu weusi, Rustin aliunga mkono chama cha walimu. Weusi wengi walimwita msaliti. Wengine walimlaumu kwa kutopaza sauti ya kutosha dhidi ya vita vya Vietnam, yeye aliyekuwa amefungwa kwa kupinga vita. Lawama hizo si za kupuuzwa, na mwenye kuandika maisha ya mtu hana ruhusa ya kuzificha. Rustin hakuwa malaika. Alikuwa binadamu aliyeamini kwamba miungano ya wafanyakazi na siasa za kura ndiyo njia, na akaishikilia imani hiyo hata ilipomgharimu marafiki.

Naja sasa kwenye pete ya pili. Juni mwaka 1969 wateja wa baa ya Stonewall, Greenwich Village, waliochoka kusumbuliwa na polisi, walipigana nao kwa siku kadhaa, na harakati mpya zikazaliwa. Mnamo Juni 1971 kundi la vijana liliingia katika ofisi ya ndoa ya mji wa New York likiwa na keki na kahawa, wakaifanya kama karamu ya arusi, kudai kwamba wapenzi wa jinsia moja nao waruhusiwe kuoana. Wengi waliicheka karamu ile. Mwaka huohuo mswada wa kuwakinga watu hao wasibaguliwe kazini na katika nyumba za kupanga uliwasilishwa kwa mara ya kwanza katika Baraza la Mji. Rustin hakuwa mstari wa mbele katika mambo hayo. Alikuwa mtu wa kizazi cha zamani, aliyezoea kutoficha lakini pia kutotangaza.

Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 65, alikutana na kijana Walter Naegle, na wawili hao wakaishi pamoja kwa miaka 10 katika nyumba ya Rustin mtaani Chelsea. Kadiri umri ulivyosonga, swali la kisheria liliwakabili. Rustin akilazwa hospitalini, ni nani angeruhusiwa kando ya kitanda? Akifa, ni nani angerithi vitabu, nyaraka na nyumba? Mbele ya sheria, Naegle hakuwa mwenzi wake wala ndugu yake. Alikuwa mtu baki. Ndoa haikuwezekana. Wakatafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwapo ulikuwa mmoja: mwaka 1982 Rustin alimwasili Naegle kuwa mwanawe wa kupanga. Mama mzazi wa Naegle, aliyekuwa hai, ilimbidi atie saini hati ya kumwachilia mtoto wake, na afisa wa ustawi wa jamii akatumwa kuikagua nyumba, kana kwamba mtoto mchanga angeletwa humo.

Msomaji atulie hapo kidogo. Watu wawili wazima walilazimika kuitwa baba na mwana ili waruhusiwe kuuguzana na kuzikana. Hata yule anayeiheshimu ndoa kwa maana yake ya jadi pekee, sidhani kwamba anaweza kuufurahia utaratibu huo, kwani uliifanyia dhihaka familia yenyewe: ulimpokonya mama mwanawe kwa karatasi, na ukaugeuza uasili wa watoto kuwa vazi la kuazima. Na hata mlango huo haukukaa wazi. Mwaka 1984 mahakama ya juu ya jimbo la New York iliamua kwamba uasili hauwezi kutumiwa na wapenzi wa jinsia moja badala ya ndoa.

Katika miaka yake ya mwisho, kwa kuhimizwa na Naegle, Rustin alianza kusema waziwazi. Alitoa ushahidi kuunga mkono mswada ule wa mwaka 1971, ambao hatimaye ulipitishwa na Baraza la Mji mnamo Machi 1986, baada ya miaka 15 ya kukataliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba kipimo cha haki hubadilika pamoja na nyakati. Zamani mtu aliyetaka kujua unyoofu wa jamii ya Marekani aliangalia inavyowatendea weusi. Sasa, alisema, aangalie inavyowatendea wapenzi wa jinsia moja. Tarehe 24 Agosti 1987, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Haiti, alifariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 75. Zilibaki siku nne itimie miaka 24 tangu maandamano ya Washington.

Yaliyofuata hakuyaona. Mwaka 1989 mahakama ileile ya jimbo ilitambua kwamba mwenzi wa jinsia moja anaweza kuhesabiwa kuwa jamaa ya mpangaji aliyefariki, asifukuzwe nyumbani. Mwaka 2006 ilikataa kuwapa haki ya ndoa, lakini mwaka 2011 bunge la jimbo liliipitisha, na Jumapili ya tarehe 24 Julai mamia ya watu walipanga foleni katika ofisi za mji huo kufunga ndoa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikaieneza haki hiyo nchi nzima. Mwaka 2013 Rais Obama alimtunukia Rustin, aliyekwisha kufa, nishani ya juu kabisa ya raia. Naegle ndiye aliyeipokea. Mwaka 2020 gavana wa California alimsamehe kwa kesi ya Pasadena, na mwaka 2022 mahakama ya North Carolina ikafuta hukumu ya ile safari ya basi. Pete zilikuja, lakini chanda kilikuwa kaburini.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza haya yanatuhusu nini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inataja haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoyahusu mapenzi ya jinsia moja. Makanisa na misikiti ina msimamo wake, na mjadala huo una wenyewe. Hoja yangu leo ni finyu zaidi, nayo ni ya darasani. Ama tumfundishe Rustin mzima, ama tukiri kwamba tunafundisha nusu ya historia. Hatuwezi kuufurahia umati wa Washington na kumficha aliyeukusanya; hatuwezi kuisifu subira ya King na kumsahau aliyemshawishi kuiweka bunduki kando.

Zaidi ya hayo, katika kila darasa la wanafunzi 50 yumkini yupo mmoja anayejihisi kuwa tofauti na wenzake, kwa jambo hili au lile, na ambaye amekwisha kujifunza kunyamaza. Hatujui yeye ni nani, na si kazi yetu kumpeleleza. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kipaji chake hakipotei kwa sababu ya hofu yetu. Bibi Julia wa West Chester hakuwa na shahada wala cheo, lakini aliijua kazi hiyo. Hakuhitaji kuyaelewa yote ya mjukuu wake ili ampe malezi. Alimpa malezi, naye mjukuu akaipa nchi yake maandamano yaliyoibadilisha.